Mama wa Vitambaa

Kanisani kwetu Kisauni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Watoto, wazee, hata kasisi mwenyewe, wote walimwita Mama wa Vitambaa, na simu ikilia mkobani mwake aliitikia hivyo hivyo: "Abee, Mama wa Vitambaa hapa." Vitambaa vyenyewe ni vile vyeupe vya Meza ya Bwana: kile kirefu kinachotandikwa, kile kinachofunika mkate, na vile vidogo ambavyo mshika kikombe hufutia ukingo kila mtu akishakunywa. Alikuwa akivifua kwa mkono kabla mimi sijahamia pwani, na aliendelea kuvifua hadi juzijuzi. Alizaliwa wapi na kwa nani sikuwahi kumwuliza vizuri. Nadhani angeniambia niache udaku.

Alifua Jumapili mchana, watu wakishatawanyika, nje ya vestri, kile chumba kidogo ambamo kasisi huvaa kanzu yake. Alivitia vitambaa kwenye karai la maji baridi, bila sabuni, akavibonyeza kwa viganja kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. Maji hayo ya kwanza hakuyamwaga kwenye mfereji hata siku moja. Aliyabeba hadi palipokuwa na udongo mtupu, akainama, akayamimina polepole mpaka ardhi iyanywe yote. Baada ya hapo ndipo ilipokuja sabuni, maji ya pili, ya tatu, jua na pasi, na hayo maji mengine aliyamwaga popote, hata miguuni pako ukizubaa.

Mimi ni mtu wa bara na kazi yangu ni kwenye yadi ya makontena huko Miritini, mahali ambapo usipopiga kelele dereva wa lori hakuoni. Nilipomwona mara ya kwanza akiinama na lile karai nilimwuliza kwa nini asitumie sinki, maana lilikuwa hatua chache tu kutoka alipo.

"Mgeni wako wa heshima akila kwako," alinijibu, "makombo yake wayatupa chooni?"

"La."

"Basi. Divai iliyobaki kwenye nguo hii ni ya nani?"

Akanipa kitambaa kimoja nikamue, kisha akaninyang'anya kwa sababu nilikikamua kama tambara la deki. Urafiki wetu ulianzia hapo.

Asije mtu akadhani namsimulia malaika. Mama wa Vitambaa alikuwa mkali na mwenye mdomo. Alijua rangi za midomo ya kanisa zima, kwa kuwa wanawake walikunywa kikombe na rangi zao zikabaki kwenye vile vitambaa vidogo. Alikishika kitambaa dhidi ya mwanga na kuanza: huyu wa zambarau ni mke wa mzee fulani, huyu wa waridi ameanza juzi, huyu mwekundu wa damu ya mzee namjua na leo nitamwambia. Na kweli alimwambia, mlangoni, mbele ya watu: "Mwanangu, Bwana hakujui mpaka umpake rangi?" Yule dada hakuja Jumapili mbili. Aliporudi alikuwa na mdomo mkavu, na Mama wa Vitambaa akamkumbatia kwa nguvu na kumwuliza alikuwa wapi siku zote hizo.

Akipiga pasi aliimba taarabu. Si mapambio, taarabu, tena zile za mipasho, na kitambaa cha mkate wa Bwana kikiwa mbele yake. Akina mama wengine walimshtaki kwa kasisi. Alipoitwa alisema kwamba pasi ya mkaa haiendi kwa wimbo wa polepole, na kwamba kama kuna anayetaka kupiga pasi kwa tenzi, pasi ile pale. Hakuna aliyejitokeza.

Hakupenda sala ndefu. Mtu akiomba mpaka wali wa nyumbani uungue, yeye alikohoa. "Ukimkaribia Mungu, punguza maneno," alisema. "Wewe ukienda kwa mkubwa wako kazini wampigia domo?" Yeye mwenyewe, akiingia kanisani, alivua viatu kabla ya kufika mbele, akasimama kidogo mikono imeshuka, kisha akaendelea na kazi. Niliwahi kumwuliza huwa anasema nini pale anaposimama. Alisema husalimu tu.

Baraza la kanisa lilipoamua kutandaza kabro, yale matofali ya saruji ya kusakafia, uwanja mzima, kwa sababu ya vumbi na matope ya masika, yeye, ambaye hakuwa mtu wa mikutano, alikuja mkutanoni. Mwenye mradi alimweleza kwa upole kwamba mfereji mpya ungekuwa safi kabisa, wa kisasa, na angeweza kumwaga maji yake humo.

"Mimi sikuuliza usafi," akasema. "Nauliza udongo. Mtamfukia Mungu kwa saruji na msinibakishie hata pa kumwagia?"

Watu walicheka, lakini hakuketi mpaka wakamkubalia. Fundi aliacha kipande cha udongo nyuma ya vestri, upana wa sinia la pilau. Mama wa Vitambaa alipanda hapo tawi la asumini alilopewa na mumewe, na likashika. Ukitaka kujua kanisa letu ni lipi, zunguka nyuma uone mwasumini uliotoka katikati ya kabro.

Sasa niseme lile ambalo kila mwenyeji alilijua na kila mgeni alichelewa kulijua. Mama wa Vitambaa hakuwa akishiriki. Kasisi alipotualika, "Karibuni kwa imani," sisi tuliinuka safu kwa safu kwenda mezani, naye aliyapinda magoti upande ili tupite. Wageni walidhani anaumwa miguu. Alibaki pale peke yake kwenye benchi refu, mikono juu ya mkoba, akitutazama tukinyweshwa na kikombe kikifutwa kwa vitambaa alivyovifua yeye.

Mumewe alikuwa Mwislamu, mtu wa ukoo wa zamani wa Mombasa, mwenye duka la vyombo vya nyumbani Mtopanga. Walioana kwa nikahi nyumbani kwa wazee wake, na yeye akabaki Mkristo, na mume hakumshurutisha. Kwa sheria ya kanisa letu ndoa hiyo ilikuwa ndoa ya nje. Kasisi wa zamani, aliyekwishastaafu nilipofika, alimwambia achague: amwache mwanamume au akae mbali na Meza. Akachagua, akahamia benchi la nyuma, na wiki ile ile akaja kuchukua vitambaa kufua kama kawaida. Sheria yetu ilimkataza kinywa chake. Mikono yake hakuna aliyeikumbuka.

Jambo hili liliniudhi kwa miaka. Siku moja nikamwuliza wazi kama hatamani.

"Natamani," alisema. Hakuinua uso kutoka kwenye karai. "Wafikiri navifua hivi kwa kupenda sabuni? Natamani kila Jumapili. Lakini yule mume wangu sikumwokota njiani, nalimwahidi. Mungu nikimwendea kwa kuvunja ahadi, ataniuliza hizi zangu kwake nitazitunza vipi."

"Sasa utafanya nini?"

"Nitasogea mpaka pale nilipokatazwa, nikae hapo. Yeye yuaniona."

Nilipoanza kwenda kwao Mtopanga ndipo nilipoelewa ile desturi ya maji aliitoa wapi. Mumewe alikuwa mzee mrefu, mpole, wa kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono. Alitawadha kwa birika la shaba kando ya mlango wa ua, kidogo kidogo, hakuna tone lililopotea, akikisugua kila kidole kana kwamba kila kimoja kina kesi yake. Mama wa Vitambaa alisimama na taulo mpaka amalize. Aliniambia kwamba kanisani walimfundisha maneno mengi, lakini heshima ya maji alijifunza kwa mtu huyo. Mwezi wa Ramadhani alimpikia futari na mchana wote hakula mbele yake. Wakati wa Kwaresima mzee naye alikuwa akiuliza sokoni, mbele ya muuza nyama, "Jamani, mke wangu yuala nyama wiki hii ama hali?"

Nikifika Jumapili mapema kuliko yeye, mzee alinikaribisha barazani. "Kaa, mwanangu. Yuaja sasa hivi. Yuafua za Mungu wake, tusimharakishe." Mkewe akitokea kwenye kona, na mkoba wake na harufu ya sabuni, mzee alimwuliza swali moja, lile lile, kila Jumapili:

"Wamekupa?"

"Bado," alijibu mkewe, na kupita ndani kuvua viatu.

Kwanza nilidhani ni mzaha wa wazee. Haukuwa mzaha. Mzee alikuwa akiuliza kwa dhati, na jibu lilimkera upya kila mara. Siku moja alimjia mkewe na shauri alilolifikiria mwenyewe, kwa nia njema kabisa. Alimwambia atamwacha kwa talaka moja, mbele ya mashahidi, aende kanisani akiwa huru, ale, anywe, kisha kabla eda haijesha yeye amrejee. Mama wa Vitambaa alinihadithia huku akicheka mpaka machozi. Siku ile yenyewe, lakini, hakucheka. Alimwuliza, "Wewe wataka tumdanganye Mungu wako ama wangu?" Mzee akafikiri, akasema wallahi hilo hakuliona.

Kasisi mpya, kijana, alipokuja alijaribu njia yake. Alimfuata vestri watu wameondoka, akafunga mlango, akamwambia yuko tayari kumpa pale pale, hakuna anayeona. Nilikuwapo, nakunja nguo. Mama wa Vitambaa aliweka pasi chini.

"Ahsante, baba. Lakini mimi si paka, nipewe jikoni."

Kasisi aliona haya. Alianza kumwandikia askofu kuhusu jambo hilo, na askofu akajibu kwamba litajadiliwa, na likaendelea kujadiliwa.

Mzee alifariki mwaka jana, kabla ya jua kuchwa, na kesho yake asubuhi wakamzika. Na hapo ndipo sisi Wakristo tulipofanya kosa ambalo nadhani ni sisi tu tungeweza kulifanya. Kwa hesabu ya sheria yetu, Mama wa Vitambaa sasa alikuwa mjane, hakuna ndoa ya nje wala ya ndani, na Meza ilikuwa wazi kwake. Habari ilienea kanisani kama habari njema. Mwenyekiti wa akina mama, mwanamke mwenye moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi, alitupanga tukiwa na sare na matari, na kasisi akabeba mkate na kikombe katika kisanduku chake, tukaenda Mtopanga tukiimba. Tuliimba mpaka mlangoni.

Wifi yake, dada wa marehemu, alitufungulia akiwa na leso kichwani na macho yaliyovimba. "Hii ni nyumba ya matanga," alisema. "Mwaimba nini?"

Matari yalinyamaza moja moja. Tuliingia tumejikunyata, tukaketi mkekani. Mama wa Vitambaa alikuwa chumba cha ndani, amevaa nguo nyeupe isiyo na urembo, hana herini wala manukato. Alikuwa amekaa eda.

Mwenyekiti alishindwa kujizuia. "Mama, eda si yetu. Wewe ni Mkristo."

"Sisi hatukumlazimisha," wifi akasema upesi. "Nalimwambia mwenyewe, wewe ni Mnaswara, akataa."

"Eda si ya msikiti, ni ya mume wangu," alisema Mama wa Vitambaa. "Umri wote hakuninyima kanisa langu. Mimi nimnyime hii?"

Kasisi alifungua kisanduku taratibu, nadhani kwa sababu mikono yake ilikuwa tayari imeanza. Alisema kwamba amekuja na kile ambacho mama amekingoja miaka yote.

Mama wa Vitambaa alikitazama kile kikombe kidogo cha safari. Nilimwona akikitazama, na njaa ile sikuwahi kuiona kwa mtu aliyeshiba. Kisha akatikisa kichwa.

"Rudisha, baba. Nikila leo nitakuwa nashukuru kifo cha mume wangu. Nikimaliza eda nitakuja kwa miguu yangu."

Tulirudi bila kuimba. Njiani mwenyekiti alilia, na mimi nilikuwa na hasira, sijui na nani.

Eda ya mjane ni miezi minne na ziada, na Mama wa Vitambaa alikuwa na presha na moyo uliochoka. Mwezi wa pili miguu ilivimba. Mwezi wa tatu alilazwa, kwani ugonjwa ni udhuru hata katika eda, na daktari akasema asipande ngazi wala asisumbuliwe. Kasisi alikwenda wodini na kisanduku chake. Akamwambia kwa unyenyekevu kwamba huenda siku zisitoshe. Alijibu kwamba kama hazitoshi, basi Bwana mwenyewe atamwandalia huko, wala hataulizwa cheti cha ndoa. Niliogopa kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kuogopa kwa ajili ya mama yangu. Niliona ataondoka duniani akiwa amevifua vile vitambaa vyote bila kuonja.

Miezi hiyo vitambaa nilivifua mimi. Alinipigia simu kila Jumapili kutoka kitandani.

"Maji baridi?"

"Baridi, mama."

"Usitie ya moto, doa la divai litaganda. Umemwaga wapi?"

"Kwenye asumini."

"Polepole?"

"Polepole."

"Muongo. Nasikia karai."

Alitoka hospitali akamalizia eda nyumbani. Jumapili iliyofuata nilikuwa mezani na kikombe, maana nilikwishapewa kibali cha kukishika, nikaona mlangoni watu wakigeuka. Alikuwa anaingia kwa fimbo, mkono mmoja kwa wifi yake aliyevaa buibui. Wifi alimfikisha kizingitini, akamwachia, akaenda kuketi nje kwenye kibao, karibu na asumini. Mama wa Vitambaa alikuwa na gauni jipya la hudhurungi linalonukia udi, na herini za dhahabu. Na midomo yake, Mungu anisamehe, alikuwa ameipaka rangi ya zabibu.

"Karibuni kwa imani," kasisi akasema.

Hakuna safu iliyoinuka. Hakuna aliyetuambia tusubiri, lakini kanisa zima lilikaa. Alivua viatu pale alipozoea, akasimama mikono imeshuka, akasalimu, kisha akaja. Ilimchukua muda. Hakuweza kupiga magoti, akasimama mbele ya kasisi, akapokea mkate kwa viganja vyote viwili. Kisha akanijia mimi. Nilimshikia kikombe, naye akaweka vidole vyake juu ya vyangu na kunywa. Nilikuwa nalia na sikuwa na mkono wa kufutia machozi. Nilipogeuza kitambaa kufuta ukingo, alikitupia jicho na kunong'ona:

"Umekipasi vibaya."

Baada ya ibada nilimkuta vestri, amekaa kwenye kigoda, vitambaa viko mbele yake juu ya meza. Alikuwa amekichambua kile kidogo. Rangi nyingine zilikuwapo, moja ya waridi, moja ya zambarau, na pembeni, peke yake, ile ya zabibu. Aliigusa kwa kidole.

"Huu wangu," alisema.

"Na ulivyokuwa ukiwasema wenzio!"

"Nalitaka niuone." Akakilaza kitambaa mezani. "Mzee wangu angeniuliza leo. Barazani pale. Kila nikipita sasa naona kiti tu."

Nilisogeza karai karibu naye nikidhani atataka kufua. Hakulishika. Alinisukumia kitambaa.

"Midomo yenu yote nimeiosha. Leo nioshee wangu."

Nikatia maji. Aliingiza kidole kupima kama ni baridi, akaridhika. Nilibonyeza kwa viganja kama alivyonifundisha, na ile rangi ya zabibu ikaachia kidogo kidogo ndani ya maji, yeye akiitazama mpaka ikaisha. Kisha nikalibeba karai nje. Wifi alisogeza miguu yake kunipisha. Nikainama juu ya udongo wa asumini na kuanza kumimina, na kutoka dirishani nyuma yangu nikamsikia.

"Polepole," akasema. "Polepole, mwanangu."